Ada ya Kila Mwaka

Baba yangu alimkataa Khisa kabla ya kumwona. Watu wa kanisa walimletea habari kwamba msichana wake Kagure, yule wa benki, ameonekana Majengo karibu na msikiti akila mahamri na mwanamume ambaye si wa huku. Jioni ile Baba aliweka kikombe cha chai chini, akaniuliza swali moja tu.

“Huyo mtu kwao ni wapi?”

“Bungoma, Baba.”

“Bungoma ni mbali.”

Akachukua kikombe chake akaendelea kunywa, maneno yakaishia hapo. Hakuuliza jina wala kazi. Hakuuliza hata kama anaenda kanisani. Mimi nami nikaenda chumbani nikalia mpaka mto ukalowa, halafu nikajikasirikia kwa kulia.

Kilichokuwa kinamuuma nakijua. Dada yake, shangazi Gathoni, aliolewa upande wa Kakamega mwaka wa sabini na moja, na tangu hapo amerudi hapa kwetu Tetu mara mbili tu. Nyanya alipofariki, telegramu ilimfikia baada ya siku nne. Shangazi alifika akakuta udongo wa kaburi umekauka, akaketi juu yake na mkoba wake begani, hakuna aliyeweza kumwinua. Siku hiyo Baba aliapa kwamba mtoto wake yeye hatakuta kaburi limekauka.

Sasa ongeza na hili. Khisa alikuwa amepata barua ya uhamisho: Desemba ikifika, kazi yake ni Bungoma. Alitaka kwenda na mimi, na mimi, jamani, nilitaka kwenda naye kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Lakini bila neno la Baba sikuwa naenda popote. Watu huniita mkaidi, na ni kweli, ila ukaidi wangu haujafika kiasi cha kuolewa kwa kuruka ua.

Tulikuwa tumejuana kwa sababu ya kadi. Benki yetu ya Milimani, pale Nyeri mjini, ilikuwa imeleta kadi ya mkopo inayoitwa Msafiri. Unanunua vitu nayo, unapewa pointi, na pointi zikitosha unapata tiketi ya ndege bure. Ada yake ilikuwa shilingi elfu tatu kila mwaka, usafiri usisafiri. Meneja alinipa dawati la kuiuza, akaniambia anataka watu kumi kufika mwisho wa Agosti. Basi Ijumaa moja akaingia mwanamume mrefu, buti za mpira zina matope, kofia ya pikipiki kwapani, akaketi mbele yangu kama mtu aliyefika kwake.

“Madam, nieleze hii kadi ya ndege.”

Nikamweleza. Akaniambia yeye ni daktari wa ng’ombe wa serikali, anazunguka vijijini akipandisha ng’ombe kwa mbegu za sindano. Nikamuuliza matumizi yake ya mwezi, nikapiga hesabu, na badala ya kumuuzia nikajikuta namwambia ukweli.

“Hata ukinunua kila kitu nayo, itakuchukua zaidi ya miaka minne kupata tiketi moja ya Kisumu. Kwa hiyo miaka minne utakuwa umelipa ada elfu kumi na mbili. Na tiketi yenyewe ukiinunua tu ni elfu nane, kwenda na kurudi. Babu yangu alikuwa anasema ng’ombe hanunuliwi kwa kengele yake.”

Alicheka mpaka watu wa kwenye foleni wakageuka. Kisha akasema, “Wacha nikafikirie.”

Akarudi Ijumaa iliyofuata na swali lile lile. Na nyingine tena. Ijumaa ya nne nikamwambia, “Daktari, hii hesabu haibadiliki.”

“Hiyo najua. Mimi ndiye nabadilika.”

Ndiyo siku tuliyoenda kula mahamri Majengo. Ijumaa ya tano nikamwambia vile Baba amesema, na kisa cha shangazi, mpaka kaburi. Alitoa kijitabu anachoandikia ng’ombe wa watu, akaniuliza ndege ya asubuhi hutoka Kisumu saa ngapi. Nikamwona mtu asiye na huruma hata kidogo.

Hayo yote yalikuwa kabla ya Jumamosi ya tarehe saba Agosti, tisini na tisa. Ng’ombe wetu Njeru alianza kulia alfajiri, akipanda wenzake na kukataa majani. Alikuwa kwenye joto, na joto la ng’ombe halingoji mtu. Baba akatuma neno ofisi ya maziwa waje wampandishe. Mtu wetu wa kawaida alikuwa likizo, wakasema watatuma mwingine.

Nilifika kutoka kazini saa saba mchana, ukungu bado haujatoka mashambani. Kabla sijavua viatu vya ofisi, Mama akanipa karai. “Peleka maji ya uvuguvugu kwa ng’ombe. Daktari amefika.”

Nikapiga kona ya ghala, na huyo hapo. Khisa. Ovaroli ya kijani, glavu ndefu mkononi, mtungi wake wa mbegu unatoa moshi wa baridi, na Baba yangu amesimama kando yake akitabasamu. Baba yangu! Karai liliinama lenyewe, nusu ya maji ikaniingia viatuni.

“Pole, Madam,” Khisa akasema haraka.

“Huyu si madam,” Baba akamwambia. “Huyu ni msichana yangu. Anafanya kazi benki.”

“Nimeshukuru kumjua, Mzee.” Alisema hivyo na uso mkavu kabisa, mimi nikatazama juu ya bati ili nisicheke wala nisilie.

Akaloweka mrija wa mbegu kwenye maji yaliyobaki, akaangalia saa yake. Akampapasa Njeru mgongoni, akimsemesha kwa sauti ya chini, na yule ng’ombe mkorofi ambaye amewahi kumpiga Baba teke la goti akatulia tuli. Baba akaniinamia akaninong’oneza kwa Kikuyu kwamba huyu anajua kazi, na kwamba vijana kama hawa hawapatikani siku hizi. Nikaitikia tu kwa kichwa. Ningesema nini?

Khisa alipoingiza mkono ndani ya ng’ombe mpaka karibu na bega, ndipo Baba akaona ni wakati mzuri wa mazungumzo. Akatoa karatasi kwenye mfuko wa koti. Nikaitambua mara moja. Ni ile karatasi ya rangi ya kadi ya Msafiri, yenye picha ya ndege, niliyokuwa nimeiacha mezani.

“Daktari, wewe ni mtu ya serikali, umesoma. Nataka kukuuliza kitu.”

“Mzee, ngoja kidogo nimalize hapa.”

“Ningojee nini? Mdomo si iko nje?”

Khisa akakubali. Angefanyaje, na mkono wake uko ndani ya ng’ombe wa mtu?

“Huyu msichana wangu anauza hii kadi,” Baba akasema. “Anatakiwa watu kumi, na ako na watatu. Hajui kama najua, lakini nimesikia akiambia mama yake. Sasa nataka kuchukua moja nimsaidie. Nikimuuliza, ataniambia ati, ‘Baba, wacha.’ Wewe unaonaje? Nichukue?”

Siku zote nilidhani ile karatasi ameichukua kuwashia moto. Baba yangu hajawahi kupanda ndege, na hata hapendi kuiangalia ikipita, lakini alikuwa tayari kulipa elfu tatu ili mimi nisigombezwe na meneja.

“Hiyo kadi, Mzee,” Khisa akaanza pole pole, shavu lake limeegemea kiuno cha Njeru, “ukitumia shilingi mia, unapata pointi moja. Ndege ya Kisumu inataka pointi elfu tatu. Yaani lazima utumie laki tatu.”

“Laki tatu! Na mbolea si nanunua kwa Ndungu?”

“Huyo Ndungu ukimwonyesha kadi, atafikiria ni kitambulisho. Mjini yote ni maduka mawili tu yanaichukua.”

Baba akacheka, akapiga paja lake. “Na hiyo ada?”

“Ada ni elfu tatu kila mwaka, usafiri usisafiri. Mzee, wacha nikwambie ukweli, usichukue. Ng’ombe hanunuliwi kwa kengele yake.”

Kicheko cha Baba kikakatika. Nikafumba macho. Ee Mungu wangu, Khisa, kati ya maneno yote ya duniani!

“Hiyo maneno,” Baba akasema, “umetoa wapi?”

“Maneno gani, Mzee?”

“Ya kengele. Hiyo ni ya baba yangu. Alikufa sabini na nne. Hapa Tetu hakuna mtu anaisema isipokuwa mimi, na watoto wangu wamesikia kwangu.” Akageuka akaniangalia. Akaangalia viatu vyangu vilivyolowa. Akarudisha macho kwa Khisa, na sura yake ikawa ile ya jioni ya kikombe. “Daktari. Kwenu ni wapi?”

Angeweza kudanganya. Angesema Nakuru, angesema Kagio, na Baba angemwacha amalize kazi kwa amani. Nilimtazama.

“Bungoma, Mzee. Naitwa Khisa.”

“Toa mkono kwa ng’ombe yangu.”

“Siwezi, Mzee.”

“Unasema?”

“Sijaweka mbegu bado. Nikitoa mkono saa hii, utangojea siku ishirini na moja ndiyo joto irudi. Maziwa ya mwezi mzima imeenda. Nitukane, lakini uniache nimalize.”

Baba akamwangalia Njeru. Hasira ni hasira, lakini ng’ombe ni ng’ombe. “Maliza,” akasema.

Na Khisa akamaliza. Hakuharakisha hata kidogo. Alifanya kila kitu kwa utaratibu wake, akamsugua Njeru tena, akavua glavu, akanawa. Nilimpenda siku nyingi, lakini nafikiri ni pale, akikausha vidole vyake kimoja kimoja huku anangoja kufukuzwa, ndipo nilipojua kwamba sitapenda mwingine.

“Ulijua hapa ni kwangu?” Baba akamuuliza.

“Hapana, Mzee. Niliandikiwa ‘Wamae, Tetu’, na Wamae ni wengi. Nilijua nilipoona maji imemwagika.”

Mama, Watiri wa watu, alikuwa ametokea mlangoni kwa jikoni na birika mkononi, na sijui alisikia kuanzia wapi. Nafikiri alisikia yote. “Mtu hamalizi kazi kwangu akaenda na njaa,” akatangaza. “Karibu, Daktari.”

“Atakunywa chai halafu aende,” Baba akasema.

“Sawa, aende. Lakini kwanza anywe.”

Tukaketi barazani, sisi wanne, na hakuna aliyegusa viazi alivyoleta Mama. Baba hakuzunguka.

“Hii kadi umeniambia ni mbaya. Na msichana alikwambia ni mbaya. Sasa watu wa kanisa wanasema kila Ijumaa uko benki; ulikuwa unaenda kufanya nini?”

“Ya kwanza nilienda juu ya kadi,” Khisa akajibu. “Zile zingine, sitakuficha, nilienda juu ya Kagure. Lakini kuanzia ya tano nilikuwa napiga hesabu.”

“Hesabu gani?”

Khisa akatoa kile kijitabu cha ng’ombe. Akakifungua ukurasa wa mwisho, akakiweka mezani mbele ya Baba. “Ya vile msichana wa Tetu anaweza kuitwa leo akiwa Bungoma, na kesho afike kwao kabla jua halijazama.”

Mama akaweka birika chini. Mimi nilikuwa nimemwona mtu asiye na huruma, kumbe!

“Anatoka Bungoma usiku kwa gari,” Khisa akaendelea, kidole kwenye karatasi. “Ndege ya asubuhi iko Kisumu. Saa nne ako Nairobi. Saa tisa, mvua ikiwa nyingi saa kumi, ako hapa kwa hii baraza. Bei ni elfu nane, kwenda na kurudi. Nikapima kadi, nikaona ada yake itakula tiketi yote. Kwa hivyo hiyo elfu tatu ya kila mwaka sitapatia benki, naweka posta mwenyewe. Nimeshaweka ya mwaka huu na ya mwaka ujao, na elfu mbili juu yake. Tiketi moja iko tayari, Mzee. Hiyo pesa haiguswi, hata nikilala njaa. Na kwetu sasa kuna simu dukani kwa jirani. Hakuna telegramu.”

Baba alisoma ule ukurasa muda mrefu kuliko ulivyohitaji. Niliona kidole chake kikitembea kwenye saa: saa nne, saa tisa, saa kumi. Najua alikuwa anamfikiria nani. Aliondoa miwani akaifuta kwa ncha ya koti, na aliporudi kusema, akajificha nyuma ya hasira, kama kawaida yake.

“Hawa watu wa benki ni wezi! Kitu umeshachukua, iko kwa mfuko yako, bado wanataka ulipe kila mwaka? Kila mwaka! Mpaka lini?”

“Ni kweli kabisa, Baba Kagure,” Mama akasema kwa sauti tamu ambayo sisi wa nyumba hii tunaiogopa. “Ni ujinga. Hebu nikumbushe, wewe ulinioa mwaka gani?”

“Sitini na nane. Hiyo inaingilia wapi?”

“Na mwezi wa Aprili ulipeleka nini kwa ndugu zangu Kagio?”

“Mbuzi mbili.”

“Na mwaka jana?”

“Blanketi. Na sukari.”

“Miaka thelathini na moja! Na bado hujanimaliza kulipa?”

“Ruracio haimalizwi,” Baba akasema kwa ukali, kama anayefundisha darasa la watoto. “Mahari ukimaliza, undugu si imekwisha? Unapeleka kidogo kidogo, kila wakati, ndiyo watu waendelee kuonana…”

Akasikia maneno yake mwenyewe. Mama akachukua kiazi akaanza kukimenya bila haraka, na mimi nikauma mdomo wa chini mpaka ukauma kweli.

Khisa hakucheka. Aliinama mbele, mikono magotini. “Mzee, ada ya benki nimekataa. Lakini hii yenu mimi naitaka. Kila mwaka, mpaka nizeeke.”

“Na hailetwi na posta,” Mama akaongeza. “Mtu analeta mwenyewe, na miguu yake.”

“Kila mwaka?” Baba akauliza. Hakuwa akimuuliza Mama.

“Kila mwaka, Mzee.”

“Na yeye?” Akanielekezea kidevu bila kunitazama.

“Na yeye. Mbuzi nitaishika aje peke yangu kwa ndege?”

Kicheko kikamtoka Baba kwa nguvu, bila yeye kutaka, mpaka akakohoa na Mama akampiga mgongoni. Nami hapo ndipo nilipolia. Nililia na kucheka pamoja, mascara yote ikashuka, na Khisa akinitazama kana kwamba sijawahi kupendeza hivyo. Tulitazamana juu ya viazi vilivyopoa, na hakuna aliyetukataza.

Baba alipopata pumzi akajikaza tena. “Mimi sijasikia kitu,” akasema. “Kwetu mtu hajisemei mwenyewe. Na hajisemei akiwa na mavi ya ng’ombe kwa nguo. Umeelewa?”

“Nimeelewa, Mzee.”

“Ng’ombe yangu utakuja kuiangalia lini?”

“Baada ya siku ishirini na moja. Kama haijashika mimba, narudia bila malipo.”

“Kuja na wazee wako.”

Khisa akachukua kijitabu chake. “Na kama imeshika, Mzee?”

“Kijana, wewe ni kiziwi? Nimesema kuja na wazee wako.”

Nilimsindikiza mpaka kwenye lango. Wala sikumsindikiza vibaya, tulitembea umbali wa hatua moja kati yetu, maana Mama alikuwa dirishani hata hajifichi. Alifunga mtungi wake nyuma ya pikipiki, akavaa kofia, akaivua tena.

“Ijumaa nije benki?”

“Kufanya nini? Si umeshaamua kadi hutaki?”

“Kuna kitu sijaelewa vizuri kwa ile ada,” akasema. “Nataka unieleze tena.”

“Njoo mapema basi. Kuna foleni.”

Akaondoka na ukungu, na mlio wa pikipiki yake niliusikia mpaka alipovuka daraja. Niliporudi, uso unaniwaka, nilimkuta Baba amesimama mbele ya kalenda ya ushirika wa maziwa, penseli mkononi, anahesabu miraba kwa midomo. Alifika kwenye tarehe ishirini na nane akaandika “Njeru”. Akafikiri. Chini yake akaandika “wageni”.

“Mama Kagure,” akaita jikoni bila kugeuka. “Hiyo siku tutachinja mbuzi wangapi?”

“Si mmoja anatosha?”

“Hapana,” akasema Baba, akiirudisha penseli nyuma ya sikio. “Wawili. Bungoma ni mbali. Hao watu watafika na njaa.”